Kumuuliza mtu juu ya mapenzi, jinsia na kujithamini: mwongozo kwa mtafiti anayeanza Nyanda za Juu Kusini

Mwanafunzi akinijia na mada ya mahusiano, mila za jinsia na kujithamini, simuulizi kwanza habari za sampuli wala dodoso. Namuuliza: huyo utakayemhoji, wewe ukishapanda kosta ya jioni kurudi mjini, anabaki na nani? Kama ni mke wa mtu, anabaki na mume na mama mkwe. Kama ni kijana ambaye mtaa mzima unamsema kwa mwendo wake na sauti yake, anabaki na mtaa huohuo.

Nimekuwa mdodosaji, kisha msimamizi wa wadodosaji, Mbeya, Rungwe, Kyela, Njombe na Makete. Nimehoji watu kwenye vigoda vya jikoni na kwenye mabenchi ya vilabu vya komoni. Ninaamini kwa moyo wote kwamba mambo haya yanaweza kuulizwa huku kwetu kwa heshima, na majibu yake yakawafaa watu. Lakini yana namna yake, na namna hiyo vyuo vingi haviifundishi, vinafundisha hesabu tu.

Soma waliotangulia, ukiangalia walimuuliza nani

Wanafunzi wengi husoma makala kwa kurukia hitimisho. Kwa mada hii kaa kwenye sehemu ya mbinu mpaka uielewe. Tafiti juu ya watu waliobadili jinsia, yaani wale ambao jinsia wanayojijua nayo si ile waliyoandikiwa walipozaliwa, zimefanyika kwa wingi Marekani na Kanada. Zina mafunzo hata kwa mtu atakayehoji wanandoa wa Igawilo ambao hawajawahi kulisikia jambo hilo.

Anza na mtafiti Ilan Meyer. Mwaka 2003 alieleza kwamba mtu wa kundi linalonyanyapaliwa hubeba mzigo wa ziada juu ya shida za kila mtu: kubaguliwa kwenyewe, kukaa muda wote akitarajia kubaguliwa, kujificha, na hatimaye kuyaamini yale anayosemwa. Yeye aliandika juu ya watu wa mapenzi ya jinsia moja na wanaopenda jinsia zote mbili. Mwaka 2012 Michael Hendricks na Rylan Testa wakaupeleka mtazamo huo kwa waliobadili jinsia. Mtazamo huu unakusaidia kuuliza sawasawa. Ukikuta mtu anajiona hafai, swali la kwanza linakuwa ametendewa nini, na nani, tangu lini. Dodoso lisilo na maswali hayo litakufanya umlaumu mtu kwa jeraha alilotiwa na wengine.

Kisha tafuta kazi ya Kristi Gamarel na wenzake, ya 2014. Walichukua jozi 191 za wapenzi, kila jozi ikiwa na mwanamke aliyebadili jinsia na mwanamume wake, wakawauliza wote wawili. Ugumu wa fedha, ubaguzi na unyanyapaa unaoelekezwa kwenye uhusiano wenyewe viliendana na dalili za sonona kwa pande zote mbili. Lakini penye utamu wa kazi hiyo ni hapa: kwa wanawake, unyanyapaa waliousikia wao na ule aliousikia mwenzao, vyote viwili viliendana na uhusiano kuwa dhaifu. Kwa wanaume, ni ule walioubeba wenyewe tu. Yaani hofu ya mwanamume ya kuonekana inaingia mpaka kwenye jinsi mwanamke anavyouona uhusiano wao. Ungemuuliza mmoja tu, usingelijua hilo.

Mimi nikisoma hapo nawaza wanaume wa huku. Mwanamume anayemsaidia mkewe kufua akasemwa kijiweni kwamba amelishwa limbwata, anarudi nyumbani amenuna, na mke hajui kosa lake. Ukimhoji mke peke yake utaandika "mume mkali". Wahoji wote wawili, mbalimbali, siku moja ikiwezekana, na wahojaji tofauti, ili asipatikane wa kubeba neno la huyu kumpelekea yule.

Zipo tatu nyingine za kusoma. Caitlin Ryan na wenzake, 2010, waliwauliza vijana 245 wa umri wa miaka 21 hadi 25, wa mapenzi ya jinsia moja na wachache waliobadili jinsia, namna familia zao zilivyowapokea walipokuwa wadogo. Waliopokewa vizuri walijithamini zaidi na walikuwa na afya nzuri zaidi. Kristina Olson na wenzake, 2016, walichunguza watoto 73 waliobadili jinsia, wa miaka 3 hadi 12, ambao familia zao zinawaunga mkono. Kiwango cha sonona kilikuwa cha kawaida kama cha watoto wengine, na wasiwasi ulipanda kidogo tu. Angalia mtego uliopo: ni watoto ambao wazazi wao walikwisha kuwa upande wao, hivyo huwezi kuwachukua wao ukasemea watoto wote. Ya mwisho ni ya Karen Blair na Rhea Ashley Hoskin, 2019. Hao waligeuza upande, wakawauliza watu 958 kama wangekubali kuwa na mpenzi aliyebadili jinsia. Asilimia 87.5 walisema hapana. Hapo ndipo utakapojifunza kwamba upweke wa mtu unaweza kupimwa kwa kuwauliza waliomzunguka.

Ukiandika, usiliite jambo la kubadili jinsia ugonjwa wa akili. Shirika la Afya Duniani lililiondoa kwenye sura hiyo katika toleo la 11 la orodha ya magonjwa, lililopitishwa 2019 na kuanza kutumika Januari 2022.

Nani umuulize, na nani usimtafute

Hapa nasema wazi. Usiende Mwanjelwa wala Kihesa kuwatafuta watu waliobadili jinsia kwa ajili ya tasnifu ya shahada ya kwanza. Kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu ya Tanzania kinahusu kile sheria inachokiita tendo la kinyume cha maumbile, na adhabu yake inaweza kufika kifungo cha maisha. Kifungu hakisemi neno juu ya mtu anavyojijua, lakini mtaani hakuna anayetenganisha mambo hayo. Sasa wewe unatembea na daftari lenye majina na namba za simu. Watu wa kundi lililojificha hupatikana kwa kuelekezana, huyu anakupeleka kwa yule, yule kwa mwingine. Daftari moja likisahaulika kwenye bajaji, umefungua mlango wa kila nyumba iliyomo.

Kazi za namna hiyo zinafanywa na timu zenye uzoefu, zenye washauri nasaha, wanasheria na watu wa kundi lenyewe ndani ya timu tangu siku ya kupanga. Wewe una kazi nyingine, na ni kubwa. Chunguza wanaobeza. Waulize watu wa kawaida, wakulima wa parachichi, waendesha boda, walimu, mama lishe, wanakwaya, wanaonaje mwanamume awe vipi na mwanamke awe vipi, na anayetoka nje ya mstari wanamfanyaje. Mzigo ule aliouandika Meyer unatengenezwa na hawa. Ukiujua unavyotengenezwa, umemsaidia aliyeubeba bila kumfichua.

Au hoji wanandoa na wachumba: mila za jinsia zinagusaje heshima ya mtu kwa nafsi yake ndani ya uhusiano. Hiyo pia ni mada nzuri, na Njombe, Iringa na Mbeya zina mengi ya kusema.

Vibali

Sitakaa sana hapa kwa sababu msimamizi wako anaijua njia. Kamati ya maadili kwanza, kisha barua ya chuo inapita kwa Katibu Tawala wa Mkoa, Katibu Tawala wa Wilaya, mkurugenzi wa halmashauri, mtendaji wa kata, mtendaji wa kijiji au mtaa. Anza mapema kuliko unavyodhani. Ionyeshe kamati kila swali, na kila kisa utakachosoma kwa wahojiwa, usifiche hata kimoja.

Jina la nje na jina la ndani

Mwaka 2001 hadi 2002 Shirika la Afya Duniani lilifanya utafiti wa ukatili dhidi ya wanawake katika nchi kadhaa, na Tanzania walichagua Dar es Salaam na Mbeya. Matokeo yalipotoka mwaka 2005 yalionyesha kwamba kati ya wanawake waliowahi kuwa na mwenzi, asilimia 41 wa Dar na asilimia 56 wa Mbeya walikuwa wamewahi kufanyiwa na mwenzi ukatili wa kimwili au wa kingono. Namba hizo zinanisumbua hadi leo, kwa sababu ni za kwetu.

Lakini jiulize zilipatikanaje. Mdodosaji hakwenda kwa balozi wa nyumba kumi akasema "nimekuja kuuliza nani anapigwa". Huko nje utafiti ulitambulishwa kama utafiti wa afya na maisha ya wanawake. Kila nyumba alihojiwa mwanamke mmoja tu, ili asiwepo wa pili wa kusimulia walichoulizwa. Yeye mwenyewe, akiwa faraghani, aliambiwa ukweli wote wa maswali yanayokuja na kwamba ana haki ya kukataa.

Fanya hivyohivyo. Kwa mtendaji na mwenyekiti wa kijiji, utafiti wako ni wa maisha ya familia na malezi, na ni kweli ni wa hayo. Kwa mhojiwa, mkiwa wawili, unasema: "Dada, humu kuna maswali ya namna mwanamume na mwanamke wanavyotakiwa kuwa, kuna ya mapenzi, kuna ya unavyojiona mwenyewe. Swali lolote usilolitaka, niambie turuke. Ukitaka tuache, tunaacha, na mche wako wa sabuni unabaki wako." Sabuni itolewe sawa kwa wote, mbele ya wote. Aliyekataa katikati akinyimwa, kijiji kizima kitajua kuna aliyekataa na kitaanza kuuliza kwa nini.

Kupima kujithamini

Kipimo kinachotumika mno ni cha Morris Rosenberg, cha 1965, alichokitengeneza kwa wanafunzi wa sekondari zaidi ya 5,000 wa jimbo la New York. Kina kauli kumi: tano mtu anajisema vizuri, tano anajisema vibaya. Kila kauli ina ngazi nne, kuanzia kukubali kabisa hadi kukataa kabisa. Ukizipa alama 0 hadi 3, jumla ya juu ni 30. Zile tano za kujisema vibaya unazigeuza alama kabla ya kujumlisha. Yapo matoleo yenye mpangilio tofauti wa kauli, kwa hiyo usigeuze kwa kufuata namba uliyoiona kwenye makala ya mtu. Soma kauli yenyewe, inajisema vipi, ndipo ugeuze.

Mwaka 2005 David Schmitt na Jüri Allik walichapisha matokeo ya kipimo hiki kwa karibu watu 17,000 katika mataifa 53, Tanzania ikiwamo. Waligundua kwamba kauli za kujisema vibaya hazipokelewi sawasawa kila mahali. Hilo mimi nimeliona kwa macho.

Mama wa makamo wa Tukuyu ukimwambia aseme kama ana sifa nzuri, anacheka, anageuzia uso pembeni. Kwake kujisifu ni utovu wa adabu, na atakwambia "hayo wataniambia wengine". Ukimpa alama ndogo hapo, umepima adabu yake. Na kijana wa Mafinga ukimsomea kauli ya kujisema vibaya, anasema "ndiyo" haraka kwa sababu wewe ni mgeni, una kitambulisho shingoni, na mgeni hapingwi. Hapo napo umepima heshima.

Dawa ninayoitumia ni kuvunja swali vipande viwili. Kwanza: "Kauli hii inakuhusu au haikuhusu?" Nyamaza, subiri. Kisha: "Inakuhusu sana au kiasi?" au "Haikuhusu kabisa, au kidogo ipo?" Mtu akijibu kwa mafungu hayo, kichwa kinapumzika na "ndiyo" ya heshima inapungua. Kwa kauli za kujisema vibaya, kabla ya kuanza kazi rasmi tafuta watu wachache ambao hawamo kwenye sampuli, wasomee kila kauli na uwaombe wairudie kwa maneno yao. Anayeirudia kinyume amekuonyesha kauli ya kurekebisha. Na sema wazi mwanzoni: "Mama, leo kujisema vizuri siyo kujisifu, ni kunijibu." Utaona bega linashuka.

Halafu kumbuka kwamba namba 14 au 22 haina maana peke yake. Usimwite mtu "mwenye kujithamini kidogo" kana kwamba umempima homa. Kinachosema kitu ni kulinganisha: waliopokewa na familia na wasiopokewa, wanaosemwa na wasiosemwa. Na hata hapo, kama umeuliza mara moja tu, umeona vitu vikienda pamoja. Kipi kimemleta mwenzake hujakiona, kwa hiyo usiandike "imesababisha".

Kupima mila bila kumfanya mtu ajitetee

Ukimuuliza mwanamume wa Rungwe, "Je, unaamini mwanamume anapaswa kubeba mtoto mgongoni?", atakupa jibu analodhani unalitaka, au hotuba. Mila haikai kwenye imani ya mtu mmoja. Cristina Bicchieri, mwanafalsafa wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, ameonyesha kwamba mtu hufuata kaida kwa mambo mawili: anavyoona wenzake wanafanya, na anavyodhani wenzake wanamtarajia afanye. Kwa hiyo unauliza matatu kwa kila jambo. Wewe unafanyaje? Hapa kijijini, kati ya wanaume kumi, wangapi wanafanya? Na anayefanya, au asiyefanya, watu wanasemaje juu yake? Swali la tatu ndilo lenye dhahabu. Nimekutana na wanaume wengi ambao kwa swali la kwanza wanasema hawaoni ubaya, na kwa la tatu wanasema wengine wangewacheka. Kila mmoja anamwogopa mwenzake, na mwenzake naye anamwogopa yeye.

Njia bora ya kuyafikia haya ni kisa kifupi. Tunga mwenyewe, kwa majina ya hapa na vitu vya hapa. Mimi hutumia kama hiki: "Ambokile ana mtoto wa miezi minane. Mkewe ana homa. Leo ni siku ya kliniki. Ambokile anamfunga mtoto mgongoni kwa kitenge, anapita njia ya sokoni mpaka zahanati." Kisha: watu wa sokoni watasema nini? Rafiki zake je? Jioni atajisikiaje? Mke wake atasikia nini kwa majirani? Mtu anaanza kumzungumzia Ambokile, na baada ya dakika tano anajizungumzia mwenyewe bila kuona aibu. Kitenge mgongoni ukibadilisha kikawa mtoto kashikwa mkononi, majibu yanalegea kabisa. Jaribu: nusu ya watu wasomee kisa cha mgongoni, nusu kile cha mkononi, uone mstari wa mila umepita wapi hasa.

Kisa cha pili ni kizito zaidi, na usikitumie bila kamati kukiridhia. "Kijana alizaliwa wa kike. Tangu utotoni anakataa gauni. Sasa ana miaka ishirini, amenyoa, anavaa suruali, na anawaomba ndugu zake wamwite kwa jina la kiume." Wazazi wafanye nini? Watu wa hapa watatarajia wazazi wafanye nini? Wewe ukiwa jirani, akija kuomba chumvi, inakuwaje? Swali la chumvi siliachi kamwe. Watu waliokwisha kutoa hukumu kali dakika moja iliyopita husema, "Chumvi nitampa, kwani ni adui?" Pale ndipo penye mlango, na ripoti yako inatakiwa iuonyeshe sambamba na ile hukumu.

Visa hivi viulizwe kwa mtu mmoja mmoja. Usivipeleke kwenye majadiliano ya kikundi. Kwenye kikundi wanaume hushindana kwa ukali, mwenye moyo laini ananyamaza, na wewe unarudi na rekodi ya ukali mtupu. Tena kama ndani ya kikundi yumo mtu ambaye jambo linamhusu, umemkalisha asikilize majirani zake wakimhukumu, kwa ridhaa aliyoitia sahihi.

Mahali pa kukaa, na akitokea mtu

Bodaboda aliyekuleta abaki barabarani. Na yeye ana masikio, na jioni atakuwa kijiweni. Chagua mahali panapoonekana na watu lakini pasiposikika: ukingoni mwa shamba, nyuma ya jiko, kivulini penye uwazi. Chumba kilichofungwa mlango kinazua maswali kuliko kinavyoyazuia, hasa mwanamume akimhoji mwanamke.

Kila dodoso langu lina ukurasa wa akiba katikati, wenye maswali ya maji, choo na chakula cha watoto. Mhojiwa anaonyeshwa mwanzoni: "Akija mtu, tunahamia hapa." Siku moja huko Rungwe nilikuwa na mama nyuma ya jiko lake, chini ya migomba, anamenya ndizi za kupika. Tulikuwa kwenye maswali ya mume. Mama mkwe wake akatokea upande wa zizi. Kufunga daftari kwa haraka ni kukiri kwamba kulikuwa na siri, kwa hiyo niligeuza ukurasa polepole, nikaendelea kwa sauti ileile: "Na maji ya kunywa, mama, mnachemsha au mnatia dawa?" Akajibu bila kuinua macho kwenye ndizi, "Tunachemsha, ila kuni zikipungua tunakunywa hivyohivyo." Mama mkwe akasimama, nikamwamkia, akachangia kwamba bomba la shuleni halitoi maji ya uhakika, akasikiliza kidogo, akaenda zake. Yule mama akasubiri mpaka nyayo zimepotea, akasema, "Haya, mwanangu, tulikuwa tumefika wapi?"

Kwa swali ambalo mtu hawezi kulitamka, ule utafiti wa Shirika la Afya Duniani ulitumia karatasi yenye nyuso mbili, mmoja wa huzuni na mmoja wa furaha. Waliitumia kuuliza kama mtu aliguswa kingono akiwa mdogo. Mhojiwa anaweka alama, anaikunja, inaingia kwenye bahasha, na hata mdodosaji hajui amejibu nini. Ni mbinu rahisi na inampa mtu nafasi ya kusema ukweli bila kuutoa mdomoni. Asiyejua kusoma anaiweza pia.

Akikwambia kwamba ni yeye

Hujamtafuta, lakini baada ya kile kisa cha pili mtu ananyamaza, halafu anasema, "Huyo wa kwenye kisa ndiye mimi." Kwa maisha ya mtu wa huku, hilo ni jambo kubwa kuliko tasnifu yako.

Weka kalamu chini. Usishtuke, usiombe Mungu kwa sauti, usimpe pole ya msiba. Mshukuru kwa kukuamini. Muulize angependa umwite nani, umwite hivyo mpaka mnaagana, na mkifika palipo na watu umuulize pia kama hapo aitweje. Usimuulize habari za mwili wake. Hazimo kwenye dodoso na hazikuhusu. Muulize kama anataka mwendelee, na kama maneno hayo yaandikwe au yasiandikwe. Akisema yasiandikwe, hayaandikwi popote, hata kwenye daftari lako binafsi.

Uwe na orodha ya msaada uliyoihakikisha mwenyewe kabla ya kwenda: mtu wa ustawi wa jamii, mshauri nasaha, huduma ya afya ya akili kwenye hospitali ya rufaa, namba 116 ya simu ya msaada kwa watoto kama ni mtoto. Dawati la Jinsia na Watoto la polisi lipo na linasaidia wengi waliopigwa, lakini kwa mtu huyu uamuzi wa kwenda polisi ni wake peke yake, usimsukume. Na kwenye kosta ya kurudi, ukikaa na wadodosaji wenzako mmechoka, mnasimuliana ya siku, hilo husimulii. Hata bila jina. Anayekaa kiti cha mbele anaweza kuwa shemeji yake.

Kuandika na kurudisha majibu

Kuficha jina hakutoshi. "Mwalimu wa kike, miaka 34, mwenye talaka, shule ya msingi pekee ya kata fulani wilayani Makete" ana jina tayari. Kila mtu wa pale ameshamjua kabla ya kumaliza sentensi. Andika "mtu mzima, mji mdogo". Ukiwa na kisa chenye alama tatu zinazomtambulisha mtu, ondoa mbili au badilisha, na useme kwenye sehemu ya mbinu kwamba umefanya hivyo. Kwa wanandoa uliowahoji wote wawili, usinukuu maneno ya mume na ya mke kwa namna ambayo mmoja akisoma atamtambua mwenzake.

Sauti ulizorekodi zisikae kwenye simu unayowapa watoto wacheze. Angalia kama simu yako inapakia mafaili yenyewe mtandaoni, uizime hiyo kabla ya kutoka nyumbani. Kundi la WhatsApp la wadodosaji ni la kupangia usafiri. Picha ya dodoso lililojazwa isipite humo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inakuhusu wewe mwanafunzi vilevile.

Kijijini urudi. Watu wamechoka na watafiti wanaochukua na kupotea. Omba nafasi kwenye mkutano wa kijiji, uwape yale ya jumla: kwamba wanaume wengi hapa hawaoni ubaya kumbeba mtoto ila wanaogopa kuchekwa, kwamba waliosikilizwa nyumbani wanajiona wana thamani zaidi. Kama kijiji ulichohoji ni kidogo, unganisha matokeo ya vijiji viwili au vitatu kabla ya kuyasema. Atasimama mtu aulize, "Kwani hapa kwetu nao wapo watu wa namna ile?" Jibu ulilonalo ni hili: "Mimi niliuliza sisi wote tunavyochukuliana, sikuja kuhesabu watu." Halafu mpe nafasi mwenye swali linalofuata.

Kamati uliiahidi tarehe ya kufuta rekodi. Iandike kwenye kalenda ya simu siku ileile unayopata kibali, na ikifika, futa kwenye simu, kwenye kompyuta na kwenye flashi, kisha fomu zenye sahihi zifungiwe kabatini kwa msimamizi kama kamati ilivyoagiza, mbali na madodoso.